Nyumba ya Tofali Bichi: Nani Aliileta Usukumani?

Katika maonyesho ya utamaduni ya Kanda ya Ziwa kuna kauli iliyozoeleka mno hata haiulizwi tena. Inasema kwamba nyumba ya Msukuma ni msonge wa nyasi, na kwamba ile ya pembe nne, ya tofali bichi na paa la mgongo wa tembo, ni ya kuiga, waliyoifundisha wamisionari au maofisa wa Kiingereza. Anayeamini hivyo akipita Msalala, Nyang'hwale au vijiji vya Geita, huziona nyumba za tofali bichi akaziita nyumba za umaskini, kisha anaendelea na safari yake kwenda kutazama mgodi.

Kauli hiyo ina asili yake. Franz Stuhlmann, aliyepita Usukumani pamoja na Emin Pasha mwaka 1890, na Paul Kollmann, ofisa wa Kijerumani aliyetumikia Mwanza na kuchapa kitabu chake mwaka 1898, wote waliacha picha ya nchi ya nyumba za duara. Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, alifuata picha hiyohiyo, na alifanya kazi ya kusifiwa, kwani bila yeye mengi ya utemi na ya ngoma za Bagika na Bagalu yangekuwa yamepotea. Shida ni kwamba picha ya miaka ya 1890 imegandishwa ikawa ndiyo Usukuma wa siku zote. Nchi aliyoiona Stuhlmann ilikuwa inaingia katika balaa la sotoka lililomaliza ng'ombe, likafuatwa na njaa na vichaka vilivyorudi kwenye mashamba. Haikuwa nchi iliyosimama ikingoja kuchorwa.

Ukuta wa udongo wenye pembe nne ulikuwepo kusini kidogo tu ya Usukuma. Richard Burton, aliyekaa Unyanyembe mwishoni mwa miaka ya 1850, alizieleza tembe za Unyamwezini kwa kirefu. Tembe ya Kwihara, nje ya mji wa Tabora, alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, leo ni makumbusho, na kuta zake ni udongo. Njia ya biashara ya kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilikatiza Uzinza, yaani nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa tunaiita Geita. Misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi ilipita humo kwa miongo kadhaa. Kusema kwamba watu wa huko hawakujua pembe nne mpaka padri alipokuja na pimamaji ni kuwadharau bila sababu. Hata hivyo sisemi kwamba tembe ndiyo mama wa nyumba ninayoizungumzia. Tembe ina paa bapa la udongo juu ya magogo mengi, na nyumba ya Geita haina.

Kuhusu wamisionari nitakuwa mfupi, kwa sababu hoja yao imepewa nafasi kuliko inavyostahili. Mapadri Weupe walifungua Bukumbi mwaka 1883. Alexander Mackay alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1887 baada ya kufukuzwa Buganda, akafia huko tarehe 8 Februari 1890. Hospitali ya Kolandoto, karibu na Shinyanga, ilianza mwaka 1913. Wote hawa walijenga kwa udongo na tofali. Lakini kama mfano wao ndio uliobadili nyumba za watu, mabadiliko yangeonekana kwanza kuzunguka misheni na katika kizazi hichohicho. Tofali bichi lilienea kizazi kimoja au viwili baadaye, na lilienea hasa kwa wakulima na wafugaji ambao padri walimwona kwa nadra. Mtu hajengi nyumba kwa sababu ameona nyumba ya mwenzake. Hujenga kwa vitu alivyonavyo na kwa shida inayomkabili, na ni shida hiyo iliyosahauliwa katika maelezo yetu.

Shida yenyewe ilizaliwa Shinyanga. Baada ya sotoka, vichaka vilisambaa, na mbung'o wakaja navyo. Mwaka 1922 malale ya aina kali iligunduliwa Maswa. Charles Swynnerton, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akisimamia wanyamapori wa Tanganyika, aliichagua Shinyanga kuwa uwanja wa vita dhidi ya mbung'o. Hakuwa na dawa ya kunyunyizia wala trekta. Alichokuwa nacho ni Ntemi Makwaia wa Usiha na maelfu ya watu wenye shoka. Katika miaka ya 1920, kila kiangazi baada ya mavuno, watu walitoka kwa makundi kufyeka vichaka maili kwa maili. Baadaye idara nzima ya utafiti wa mbung'o iliwekwa Shinyanga, penye kata inayoitwa hadi leo Old Shinyanga, na Swynnerton aliiongoza mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Vitabu vya historia ya sayansi huieleza kazi hiyo kwa nzi waliopungua na ng'ombe walioongezeka. Yote mawili ni kweli. Mbung'o walirudi nyuma, malisho yakapanuka, mifugo ikazaliana, na baadaye pamba ikapandwa pale palipokuwa na msitu. Lakini hebu tuitazame Shinyanga hiyo kwa macho ya mtu anayetaka kujenga. Msonge ni nyumba inayotaka miti mingi kuliko inavyoonekana: nguzo za kuzunguka, nguzo za katikati, fito za kufunga kwa duara kutoka chini hadi kileleni, kamba za magome, na nyasi ndefu za kuezeka. Mchwa wakila nguzo, baada ya miaka michache unaanza upya. Katika nchi yenye miti, huo si mzigo. Katika nchi iliyofyekwa makusudi, ikalishwa ng'ombe na kulimwa pamba, kila msonge mpya ni safari ndefu ya kutafuta miti. Ufukara huo wa miti ulifika mahali ambapo mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto kwa kufufua ngitili, zile hifadhi za malisho ambazo Wasukuma walikuwa nazo tangu zamani.

Tofali bichi linajibu shida hiyo moja kwa moja. Halitaki nguzo wala fito, na kwa kuwa halichomwi, halitaki kuni. Linataka udongo, maji, nyasi zilizokatwakatwa au makapi, na kalibu ya mbao ambayo kijiji kizima huazimana. Miti inabaki kuwa ya kenchi na fremu za milango tu. Kwa hiyo nionavyo mimi, nyumba ya tofali bichi ya Usukumani ni mtoto wa shoka la Swynnerton na Makwaia. Ilitokana na kutoweka kwa msitu, wala haikuhitaji mwalimu wa kigeni.

Na ujuzi wa udongo ulikuwepo. Msukuma aliugawa mteremko wa nchi yake kwa majina kutoka kilima cha mawe hadi bondeni: luseni yenye mchanga, itogolo ngumu isiyopitisha maji, ibushi yenye chokaa, na mbuga nyeusi inayovimba masika na kupasuka kiangazi. Wakati Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alipoandika mwaka 1935 nadharia yake ya jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio mmoja kuteremka mlima, wataalamu wa kilimo waliofanya kazi Ukiriguru walikuta wakulima wanao mpangilio huo tayari, wenye majina kamili. Fundi wa kijijini anajua kwamba hujengi kwenye mbuga, kwa sababu ardhi itaupasua ukuta mwaka wa kwanza. Anajua udongo wa kichuguu unashikana kuliko mwingine. Anatandika msingi wa mawe ya matale, ambayo Shinyanga imejaliwa kwa wingi, ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Hayo hayakutoka kwenye kitabu cha ujenzi cha mtu yeyote.

Sasa tuje Geita, maana hapo ndipo penye ubishi wa kweli.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu kwamba Usukuma wa kati, yaani Kwimba, Maswa, Shinyanga na Mwanza, umejaa watu na ng'ombe kupita uwezo wa ardhi. D. W. Malcolm, aliyekuwa ofisa wa utawala, alikuwa amekwisha kuichunguza nchi hiyo, na utafiti wake ulichapwa kitabu mwaka 1953. N. V. Rounce wa kilimo alikokotoa kaya moja inahitaji ekari ngapi na mifugo mingapi. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma: malambo, matuta ya lazima, kupunguza ng'ombe kwa lazima, na kuifungua Geita ili papatikane pa kuhamia. Faini zilifuata kwa asiyetii. Ukisoma taarifa za mpango utadhani watu walipangwa mstari wakavushwa kama mizigo. Ukisikiliza wazee wa Nyang'hwale na Geita, mpangilio ni mwingine: kijana anatangulia, anamwona ndugu au shemeji, anakwenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, kuomba sehemu, anarudi kuchukua mke na ng'ombe. Mpango ulichimba malambo na kufyeka njia. Kuhama walihama wenyewe, wengine kabla ya mpango na wengi baada yake, wakifuata ardhi ya pamba na kukimbia amri za ng'ombe.

Mhamiaji huyo alipofika Geita alikuta kitu ambacho baba yake Shinyanga alikuwa amekisahau: msitu. Miti ya kila unene, bure, mlangoni. Kwa kawaida nyumba yake ya kwanza ilikuwa kibanda cha miti kilichokandikwa udongo, kazi ya wiki moja. Lakini baada ya misimu miwili mitatu ya pamba, huyohuyo aliyezungukwa na miti alichimba kichuguu, akamwaga maji, akaukanyaga udongo kwa miguu, akafyatua matofali na kujenga nyumba ya pembe nne. Msonge ulibaki kuwa jiko au ghala. Kwa nini?

Jibu la kwanza ni mchwa, na lina uzito. Geita ina mchwa wa kutosha, na fito iliyofukiwa ardhini haidumu. Jibu la pili ni pesa. Pamba ililipa vizuri katika miaka ya 1950, na kuanzia mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, lilianza kuwapa wakulima sauti katika bei na kuwapunguzia madalali. Anayenunua bati anataka ukuta utakaolibeba kwa miaka, tena ukuta ulionyooka, kwani bati haliezeki duara. Nayakubali majibu yote mawili.

Lakini hayatoshi. Nguzo ngumu zisizoliwa haraka na mchwa zilikuwepo msituni, na nyumba nyingi za tofali ziliezekwa nyasi kwa miaka mingi kabla ya bati la kwanza. Jibu ninaloliamini zaidi linahusu haki. Kwa sheria ya kimila ya Wasukuma, ambayo Hans Cory aliikusanya na kuichapa mwaka 1953, ardhi inashikwa kwa kutumiwa. Ukiondoka, inarudi kwa mwanangwa na kugawiwa mwingine. Mhamiaji wa Geita alikuwa mgeni katika nchi ya Wazinza, chini ya watemi wasio wake, na chini ya serikali iliyokuwa na tabia ya kubadili mawazo kuhusu nani akae wapi. Kibanda cha miti husema kwamba mwenyewe anaweza kuondoka. Nyumba ya tofali, yenye ua wa manyara na katani kuzunguka boma na miembe mbele ya mlango, humwambia kila apitaye kwamba hapa pana mwenyewe na hatoki. Kabla ya hati yoyote ya ardhi kufika Geita, nyumba ilikuwa ndiyo hati.

Siasa za wakati ule zinaniunga mkono. TANU ilipigwa marufuku Usukumani mwaka 1954. Serikali ilipowalazimisha watu wa Geita kuwa na halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, katika wilaya ambamo wasio Waafrika walikuwa wachache mno, upinzani uliwaka, na katikati ya mwaka 1958 watu walitoka Geita wakaenda Mwanza kupinga mbele ya wakubwa wa jimbo. G. Andrew Maguire, katika kitabu chake cha mwaka 1969, amesimulia mgogoro huo kwa makini kuliko yeyote. Wanahistoria wetu huusoma kama sura ya kupigania uhuru, na hawakosei. Mimi huusoma pia kama ghadhabu ya watu waliokwisha kujenga, na ambao hawakuwa tayari kuambiwa tena na mtu mwingine nani atawaamulia ardhi.

Hapa inabidi kusema neno kuhusu Wazinza, kwa sababu masimulizi ya waanzilishi hupenda kuanza na nchi tupu. Uzinza haikuwa tupu. Ilikuwa imepungukiwa watu kwa magonjwa na vita, na maeneo mengine yalihamwa kwa amri katika mipango ya kuzuia malale. Kabla dhahabu haijajulikana, Warongo wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha chuma, na majembe yao yalilima Usukumani. Msukuma aliyejenga nyumba ya tofali Geita mwaka 1955 alijenga karibu na matanuru ya watu wengine. Anayehifadhi nyumba ya mmoja bila kulitaja tanuru la mwingine anahifadhi nusu.

Migodi ya wakati huo nitaipitia haraka. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki, na John Williamson alipata almasi za Mwadui mwaka 1940. Ilitoa vibarua na mishahara, na bila shaka bati kadhaa. Haikubadili ramani ya vijiji kama pamba ilivyofanya.

Kilichoibadili tena ramani hiyo ni Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vilivyopangwa. Watu wa Shinyanga walihamishwa mwaka 1974, na wa Geita hawakusalimika. Juma Mwapachu, aliyekuwa mtumishi wa maendeleo mkoani Shinyanga wakati huo, aliandika mwaka 1976 makala inayostahili kusomwa na kila anayezungumzia jambo hili, kwa sababu iliandikwa na mtu wa ndani. Kaya za Wasukuma, zilizozoea kutawanyika kila moja na malisho yake, zilipangwa kwenye mistari. Mwenye kibanda cha miti aling'oa nguzo na kwenda nazo. Mwenye nyumba ya tofali aliweza kubeba bati, milango na kenchi, lakini ukuta ulibaki. Ukuta wa tofali bichi usio na paa hauvuki masika mengi. Nyumba zilizojengwa ili kusema "hatutoki" ziliyeyuka zikarudi kuwa vichuguu, na yalibaki manyara na miembe kuonyesha palipokuwa na mji wa mtu.

Wengi walirudi kwenye mahame yao miaka ya 1980, wakajenga upya palepale. Ndipo mahakama zikajaa kesi. Bunge lilijaribu kuzima madai ya kabla ya vijiji kwa sheria ya mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ikabatilisha sehemu zake mwaka 1994 katika shauri la Lohay Akonaay, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikahalalisha ugawaji wa wakati wa operesheni. Katika kesi za namna hii mstari wa manyara na shina la mwembe uliopandwa na babu vimekuwa ushahidi. Wanasheria wameujua umuhimu wa mabaki hayo kabla ya watu wa malikale.

Kisha dhahabu ikarudi kwa ukubwa mwingine. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu na Buzwagi ikafunguliwa upande wa Kahama, na wachimbaji wadogo wakajaa Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa. Palipohamishwa watu, alikuja mthamini wa fidia. Mthamini huhesabu gharama ya kujenga, kisha hupunguza uchakavu. Kwa hesabu hiyo nyumba ya tofali bichi iliyosimama tangu kabla ya uhuru ina thamani ndogo kuliko banda la saruji la juzi. Umri, ambao popote pengine ungelipandishia jengo hadhi, hapa hulipunguzia fidia.

Najua nitajibiwa Mwakata. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, huko Msalala, zikafa roho zaidi ya 40. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali bichi, na watu walifia chini ya kuta zao. Mtu asizungumzie uzuri wa nyumba hizi bila kuikumbuka Mwakata. Lakini ukuta wa udongo unaangushwa na vitu vinavyojulikana: msingi mfupi, paa lisilotokeza nje ya kutosha kuukinga ukuta na mvua, paa lisilofungwa ukutani. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na msingi wa matale na baraza lililofunikwa pande zote. Kadiri bati lilivyopanda bei, paa likakatwa fupi na baraza likatoweka. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, lisilochomwa na linalofungamana, na huo ni mwendelezo halali wa kazi ya wazee. Tofali la kuchoma, linalosifiwa kuwa ndiyo maendeleo, linameza kuni katika mkoa ambao umetumia miaka mingi kuirudisha miti. Sioni kwa nini lipewe heshima ambayo bichi limenyimwa.

Imebaki sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kigezo hicho kinazifaa Kilwa na Bagamoyo. Kwa Geita hakilindi chochote, kwa kuwa nyumba kongwe ya mhamiaji haina hata miaka mia. Sheria hiyohiyo hata hivyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la umri wowote kuwa kumbukumbu ya taifa. Tanzania haihitaji kuhifadhi maelfu ya nyumba. Nyumba tatu zingetosha kuanzia: moja Shinyanga karibu na vituo vya mbung'o, moja Msalala, moja Geita kwenye ardhi ya Wazinza, kila moja na ua wake wa manyara na jiko lake la msonge. Halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini hazitashindwa gharama za kuezeka.

Na wewe msomaji mwenye nyumba ya babu huko Nyang'hwale, Bukwimba au Kakola, usiingoje serikali. Pima kuta, piga picha ya msingi, uliza nani alifyatua tofali na udongo ulitoka kichuguu kipi, andika mwaka, upeleke nakala Bujora na nyingine kwenye maktaba ya mkoa wako. Fanya hivyo masika hayajaanza.